Miwani Iliyofunikwa Kitambaa

Mwenye kampuni mmoja alikuwa na miwani ya ajabu. Aliyeivaa alijiona yumo katika chumba cha kujifungulia, mbele yake mama anatokwa damu, na mikono yake ikajifunza papo hapo mahali pa kukanda na mahali pa kubana. Akikosea, hafi mtu, anaanza upya. Miwani hiyo ilipelekwa hospitali mbili, na mtumishi wake Eliapenda akapewa kazi moja tu, kuwatembelea wakunga na kuhakikisha kwamba inawafaa.

Hospitali ya mlimani ilimchosha. Kila mara simu: mkanda umekatika, kioo kimekwaruzika, miwani inanuka jasho. Eliapenda alitengeneza huku amenuna, akawaita watu wasiojua kutunza kitu. Hospitali ya bondeni ndiyo iliyompendeza. Huko hakupigiwa simu. Akifika, Matroni Nyamizi, mkuu wa wauguzi, alivua ufunguo shingoni, akafungua kabati, akaondoa kitambaa cha kufuma, na miwani ikatokea inang'aa ndani ya nailoni yake ya dukani, kama vikombe vya wageni. Wakubwa wa hospitali wakaivaa, wakapigwa picha, wakacheka. Eliapenda akamwandikia tajiri wake kwamba bondeni mambo ni mazuri. Mtu mzima na akili zake! Alitumwa kwa watu, yeye akaenda kukagua kabati.

Siku moja alirudi bondeni na cheti cha pongezi ndani ya fremu. Alikuta vilio uani. Mama mmoja, Nakijwa, alikuwa amejifungua salama, kisha damu ikawa haikati. Mkunga wa zamu, Mbonea, alihangaika asijue aanzie wapi, na mama akamfia mikononi. Mtoto alikuwa hai, amefungwa kanga ya mama yake.

Eliapenda alipandwa na hasira. Akamfokea Mbonea mbele ya watu: miwani mnayo, mafunzo yote yamo, huu ni uzembe gani? Mbonea alimtazama, damu ingali kwenye viwiko vyake.

"Miwani yako nimeifuta vumbi kila Ijumaa, kaka. Kuivaa tumekatazwa, sijawahi hata siku moja, na wewe hukuwahi kuniuliza."

 Eliapenda alitoka na cheti chake kwapani, akapita katikati ya ndugu wa marehemu, na hata neno pole likamshinda. Njiani simu ikaita. Ilikuwa hospitali ya mlimani: mkanda umekatika tena.

Basi niambieni, ninyi mliowekwa kuwaangalia watu: mnapoingia mahali mkakuta kila kitu kinang'aa, mbona hamuulizi ni nani aliyekatazwa kukitumia?