Nyumba Isiyotoa Bega

Waingereza wana kitenzi kimoja kifupi, bear, walichokitwisha kazi kupita kiasi. Mtu anabeba mzigo, mwanamke anazaa mtoto, mti unatoa matunda, mgonjwa anavumilia maumivu, shahidi anatoa ushahidi: kwao yote hayo ni neno lilo hilo. Kwa nini watu wenye maneno mengi kama wale waliyaona mambo haya kuwa jambo moja? Fumbo hilo msimulizi wa habari hii hakuwahi kulifumbua. Anachoweza ni kusimulia yaliyompata Mbonea.

Mtu mmoja aliyeitwa Mbonea alikuwa na machela. Haikuwa mali yake bali ya kijiji, lakini ilitundikwa ukutani kwake kwa sababu yeye ndiye aliyewaongoza wabebaji. Kijiji chao kiko juu kabisa katika milima ya Upare, mahali ambapo hata pikipiki haifiki. Mgonjwa akizidiwa, wanaume wanne humweka mabegani, wakipokezana na wenzao, mpaka zahanati iliyoko chini barabarani. Kila nyumba ilitoa mwanamume mmoja, na sheria ilikuwa fupi: nyumba isiyotoa bega haibebwi.

Sheria hiyo haikutungwa na watu wabaya. Zamani walikuwapo watu waliojua kubebwa tu, ambao zamu ya jirani ikifika walishikwa na kiuno. Wazee wakachoka nao, wakaweka mpaka.

Katika kijiji hicho alikuwapo mjane, Namkunda, ambaye nyumba yake haikuwa na mwanamume. Hata hivyo, kila machela iliposhuka, yeye alifuata nyuma akiwa na chungu cha uji kichwani, kwa maana mlima ule hauteremkiki kwa tumbo tupu. Aliwatania njiani kwamba wao wako wanne na wanabeba mtu mmoja, ilhali yeye yuko peke yake na anabeba matumbo manne. Wanaume walicheka. Mbonea naye alicheka, akanywa uji wake, akarudisha kata.

Siku moja ya gulio, wanawake wote wakiwa wameshuka na ndizi zao tangu alfajiri, Namkunda alikuja uani kwa Mbonea. Binti yake Nakijwa alikuwa amerudi kwa mama kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, na uchungu ulikuwa umemshika tangu jana bila mtoto kutoka. Namkunda hakulia. Alisema haja yake, akasimama kando.

Mbonea alipuliza baragumu na wanaume wakaja. Alikwisha kuushika mti wa machela Mzee Senzota alipokohoa na kuuliza wanakwenda nyumba ya nani. Hakuuliza kwa chuki. Mwaka uliopita mpwa wake alinyimwa machela kwa sheria hiyo hiyo, akateremka mlima kwa magongo huku mguu ukioza. Leo wakiivunja, yeye atamtazamaje kijana yule? Mmoja akasema huyu mama si ndiye anayewabebea uji miaka yote. Mwingine akamjibu kwamba kichwa si bega, na kama vyungu navyo vinahesabiwa, basi wake zao wote ni wabebaji, na wao waume wakapike. Wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka wakiwa na wasiwasi.

Mbonea angeweza kusema neno moja na mambo yakaisha. Lakini alitaka uamuzi uwe wa wote, ili kesho lawama isimwangukie peke yake. Akawaambia waketi. Wakaketi, wakasema kwa zamu, kwa heshima, kila mtu akasikilizwa. Mwisho walipatana vizuri: Nakijwa abebwe, na mama yake atafute ndugu wa kumtolea bega siku zijazo. Mbonea aliridhika, kwa maana sheria ilikuwa imepona na huruma imepona. Aligeuka kumpa Namkunda habari njema, na Namkunda hakuwapo.

Nyumbani kwake mlango ulikuwa wazi na moto ungali unawaka. Mkeka ulikuwa umelowa. Kwenye tope la njia iteremkayo palikuwa na nyayo za mtu mmoja, lakini zilizama kuliko za mtu mmoja.

Waliteremka mbio na machela tupu. Chini kwenye kivuko cha mto walimkuta Namkunda ameketi juu ya jiwe, miguu yake imechanika vidole, kichwa cha binti yake kiko mapajani. Mtoto wa kike alikuwa amefungwa katika upande wa kanga, analia. Nakijwa alikuwa halii tena. Alikuwa amezaa pale pale juu ya majani, na damu ilimwishia pale pale.

Mbonea alitaka kueleza kwamba walikuwa wamekubali, kwamba walikuwa wanakuja, na akaona kwamba hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote anayoweza kuyasema. Akaiweka machela chini. Namkunda alimtazama bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

“Mwanangu Mbonea,” alisema, “na mgongo nao hauhesabiwi?”

Mzee Senzota aliketi chini topeni, akajifunika uso kwa kofia yake. Walimlaza Nakijwa kwenye machela, wakampandisha mlima, na safari hiyo hawakupokezana. Kila aliyejaribu kumpokea mwenzake alikataliwa.

Baada ya mazishi waliketi tena, na mara hii hawakukaa sana. Waliamua kwamba machela iende nyumba yoyote itakayoiita, na kwamba asiwepo mtu wa kuuliza lolote mpaka mgonjwa awe amefikishwa. Waliamua pia kwamba habari hiyo ipelekwe mlango kwa mlango, na atakayeipeleka aseme na sababu yake, amtaje Nakijwa kwa jina na aseme wapi wao walikuwa wameketi alipokuwa anakufa.

Kazi hiyo aliifanya Mbonea, peke yake. Alianza na nyumba ya mpwa wa Senzota, yule wa magongo.