Pimbi na Mfereji Usiofanyiwa Utafiti

Paukwa! Pakawa.
Pakawa nini? Pakawa bwawa moja, kiboko mmoja, na wataalamu wa kutosha.

Kiangazi kilikuwa kikali. Maji yalibaki kwenye bwawa la mlimani tu, na humo alijilaza Kiboko, tumbo likigusa kingo zote. Bondeni wanyama walikauka midomo. Kila aliyemwomba awagawie maji alijibiwa kwa sheria yake: hapa kwetu halifanywi jambo jipya mpaka lifanyiwe utafiti.

Watafiti walikuwa Korongo, ndege warefu wanaofikiri kwa mguu mmoja. Swali lao lilikuwa: ubunifu katika kuongoza umma ni nini? Mmoja akasema ni jambo jipya. Mwenzake akauliza, jipya kwa nani? Wakaahirisha kikao, wakala samaki kwa gharama ya bwawa. Ripoti ikatoka: utafiti zaidi unahitajika. Kiangazi kingine, ripoti nyingine: utafiti zaidi unahitajika.

Pimbi, kanyama kadogo ka maweni, alikuwa na watoto wanaolia kiu. Akaisoma ripoti yote, jambo ambalo hata walioiandika hawakuwahi kulifanya. Akacheka, kwi kwi kwi, akamfuata Muhanga, mchimba mashimo.

Muhanga akachimba, kwaru kwaru, kutoka bondeni hadi bwawani. Maji yakateremka, chururu chururu. Kiboko akaamka mgongo mkavu.

"Nani kaleta jambo jipya hapa?"

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema Pimbi. "Jipya lipi? Muhanga anachimba tangu enzi za babu yake. Na maji hayajawahi kupanda mlima."

"Zibeni. Sasa hivi."

"Tungeziba, Mheshimiwa. Ila hapa kwetu hakuna aliyewahi kuziba shimo la Muhanga. Hilo ndilo jambo jipya. Lifanyiwe utafiti kwanza."

Kiboko angeweza kuziba mwenyewe, lakini sheria ni yake, na siku akiivunja kila mtu atakuja na ndoo. Akawageukia Korongo. Macho yao yaling'aa: mada hiyo haijaguswa na mtu.

"Mheshimiwa," wakasema, "kwanza tukubaliane. Kuziba ni nini?"

Mpaka leo wanajadili. Watoto wa Pimbi wanaoga wakiimba, bondeni kumeota majani, na Kiboko amesimama kwenye maji ya magotini akisubiri ripoti.

Hadithi yangu imeteremka na maji. Anayeitaka akinge kibuyu. Na funzo lake, watoto, ni hili: msithubutu kufanya lolote kabla utafiti haujakamilika.