Maini ya Mbuzi wa Ndimbo

Wewe ungemfanyaje mtu aliyekula mbuzi wa hongo, akafuta mdomo, kisha akakutaka umwoneshe mfupa?

Bi Siwema alikuwa akitafiti rushwa katika tenda za halmashauri. Alijua kwamba mkandarasi Ndimbo alipewa tenda ya daraja siku mbili tu baada ya kupeleka mbuzi nyumbani kwa Bwana Lukanga, ofisa manunuzi. Lukanga naye akawahi kumshtaki Siwema mbele ya madiwani.

"Huyu dada ananichafulia jina!" alifoka. "Aombe radhi hapa hapa, au mfute kibali chake cha utafiti!"

Miezi minane ya kazi ilikuwa inakwenda na maji. Siwema akasimama, mpole kama bi harusi.

"Naomba radhi, baba. Nimeamini hukumla yule mbuzi. Tena namshukuru Mungu."

"Unamshukuru kwa lipi?"

"Mbuzi mwenye kimeta humuua anayemla. Nesi yuko pale nje na sindano, lakini ni ya waliokula tu. Acha nikamwambie aende zake."

Lukanga akalegeza tai. "Kwani yule mbuzi alikuwa na kimeta?"

"Wewe yanakuhusu nini, baba? Si hukumla?"

Madiwani wakacheka. Siwema akachukua mkoba wake, akatembea taratibu hadi mlangoni, akashika kitasa.

"Dada, ngoja!" Lukanga alipiga kelele, mikono tumboni. "Nilimla! Maini, mbavu, mpaka supu ya asubuhi! Na tenda nikampa Ndimbo! Mwite nesi!"