Afande Aliyekanyaga Breki Isiyokuwepo

Hii nimetumiwa na wifi yangu, nami naona ni uchoyo kukaa nayo peke yangu. Isome ukipata nafasi.

Mama Atupele alikuwa mpishi wa shule ya chekechea. Shule ikanunua gari la kubebea watoto, na mwalimu mkuu akamwambia kazi ya udereva ni yake, ilimradi apate leseni kabla ya shule kufunguliwa. Mama wa watu alifurahi kupita kiasi. Miaka kumi na moja ya moshi wa kuni ilikuwa imemtosha.

Kujifunza hakukumsumbua. Akiwa na mwalimu wake wa udereva, Bwana Lugano, mtu wa vichekesho asiyejua kunyamaza, alikipanda kilima ambacho madereva hupimiwa siku ya mtihani, akasimama katikati, akaondoka tena bila gari kurudi nyuma. Lakini siku ya mtihani yenyewe, akikaa na Afande Ruhinda, trafiki aliyekuwa akiwapima madereva, mambo yaliharibika. Moyo ulimwenda mbio, mikono ikalowa jasho, gari likazima na kurudi nyuma. Ikawa hivyo mara ya kwanza, ya pili, hata ya tatu. Watu wakamwambia umri umekwenda, arudi jikoni kwake. Naye akaanza kuwaamini, maskini, na ilimuuma sana.

Mara ya nne ilikuwa Ijumaa, na shule ingefunguliwa Jumatatu. Walipofika chini ya kilima, moyo ukaanza tena mchezo wake. Mama Atupele akageuka amtazame afande, walau ajue amekasirika kiasi gani. Akapigwa na butwaa. Afande alikuwa ameng'ang'ania mshikio wa mlango, jasho linamtiririka, na mguu wake umekanyaga sakafu kwa nguvu zote, utadhani pale nako kuna breki.

Uso ule aliujua. Aliuona kila Januari kwa watoto wanaoachwa shuleni kwa mara ya kwanza. Akaegesha gari pembeni, akasema kwa sauti ileile anayowapa watoto pamoja na uji:

"Baba, hapo ulipo hakuna breki. Breki ninayo mimi, na inashika vizuri. Hebu shusha pumzi kwanza."

Afande alitaka kukasirika, ikashindikana. Akakiri kwamba mwaka juzi kuna mtu alirudi nyuma naye palepale hadi mtaroni, na tangu siku hiyo hajamwambia yeyote jinsi anavyokiogopa kilima kile. Mama Atupele akamsikiliza, akamuuliza habari za nyumbani, akamchekesha kidogo. Ajabu ni kwamba afande alivyozidi kutulia, ndivyo na mikono ya mama ilivyokauka jasho.

Wakaondoka. Katikati ya kilima akasimama, akaondoka tena, na gari halikurudi nyuma hata kidogo.

Walipofika juu, afande alisaini fomu yake, kisha akaanza kutazama huku na huku kama mgeni.

"Kumbe huku juu wamejenga kanisa," alisema.

"Afande, si unapanda hapa kila wiki?"

"Napanda, mama. Ila huwa nimefumba macho."

Funzo: Woga unaousikia kifuani huenda umeupokea kwa aliyekaa karibu nawe, kwa hiyo usiharakishe kujiona huwezi, mtulize mwenzako, nawe utatulia.