Dungu la Mama Mwajabu

“Dungu lenye watoto halilishi ndege.” Shangazi yenu aliwaambia hivyo asubuhi, nanyi mkacheka, maana mlikuwa mnalalamika kwamba mwanawe amewanyima usingizi. Sasa mmekuja kuniuliza maana yake. Kaeni basi, na anayemenya karanga aendelee kumenya, masikio hayashiki karanga. Neno hilo halikuokotwa njiani. Lilizaliwa katika ukoo huu, na lilizaliwa hivi.

Zamani watu wetu wa bondeni walilima mpunga kando ya mto. Mpunga ulipoanza kutia maziwa, nyumba zilifungwa, na kila familia ilihamia shambani ikaishi juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo ndefu. Kazi ya huko juu ilikuwa kuamia ndege, yaani kuwafukuza kutwa nzima wasile masuke. Aliyesinzia alivuna mabua.

Katika bonde hilo waliishi Mkumba na mkewe Somoe. Walikaa miaka mingi bila mtoto, hata watu wakachoka kuwasema. Kisha Mungu akafungua mlango, wakaja mfululizo: Mwajabu, Shamte, Kibwana, na Siwema aliyekuwa bado wa mgongoni. Huyo wa mgongoni ndiye mama yangu mzazi, kwa hiyo mkinisikia najisifu, nivumilieni.

Dungu lao lilikuwa halinyamazi. Huyu analia amenyimwa ukoko, yule anaimba wimbo aliousahau katikati, mwingine anauliza kwa nini mamba hana masikio. Tangu kupambazuka ni mama, mama, mama. Majirani wakakereka, wakaenda kushitaki kwa Mzee Ngwele, aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya bonde zima. Ngwele alikuwa mtu wa neno moja. Wanawe walikuwa watu wazima waliohamia mbali, na dunguni kwake hakuna aliyekohoa ila yeye.

Msimu uliofuata, wakati wa kugawa mashamba, Mzee Ngwele alimpa Mkumba kipande cha mwisho kabisa, kinachopakana na matete. Kila mtu alijua kwamba matete yale ndiyo malazi ya kweleakwelea, vile vindege vinavyotembea kwa makundi kama wingu. Kipande kile kilikuwa hakijawahi kumlisha mtu.

“Huko mtapiga kelele mpendavyo,” alisema Ngwele, na mambo yakaishia hapo.

Somoe alirudi nyumbani moyo umemvunjika. Shamba hilo likiliwa na ndege, watoto wake hawatakuwa na chakula mpaka mavuno mengine.

“Baba Mwajabu,” alimwambia mumewe, “tuwapeleke watoto kwa mama yangu ng’ambo, wakae huko mpaka tuvune. Mzee akiona tumenyamaza, huenda akaturudishia shamba letu.”

Mkumba alikuwa anachonga nguzo. Hakuinua kichwa upesi.

“Unaikumbuka ile misimu tuliyoamia wawili, wewe upande huu na mimi upande ule?”

“Naikumbuka.”

“Tulikuwa na shamba zuri. Jioni tunakula, tunatazamana, tunalala. Mimi nilitamani hata mtu wa kunimwagia mchuzi.” Akaweka shoka chini. “Kelele hizi niliziomba, mama. Nimepewa, halafu nizivushe ng’ambo kwa kumwogopa Ngwele? Watapanda dunguni wote. Njaa ikija, itukute pamoja.”

Somoe alicheka huku anafuta machozi. Kisha akaenda kumtoa Kibwana, aliyekuwa ameingia ndani ya kinu na kushindwa kutoka.

Mpunga ukatia maziwa, na kweleakwelea wakatoka kwenye matete. Watu wa madungu mengine walikuwa wamefunga madebe kwenye kamba. Ukivuta kamba, debe linalia, ndege wanaruka. Siku za mwanzo walikimbia kweli. Lakini ndege naye ana akili yake. Debe linalosema neno lile lile kila siku, mwisho hulizoea. Wakajua linalia wapi na linanyamaza lini, na jua la mchana lilipowalaza wazee, mashamba yakafunikwa.

Kwa Mkumba nako walijaribu kutua. Wakawakuta Mwajabu na Shamte wanagombania kombeo, wakaruka. Wakarudi, Kibwana akaanza ule wimbo wake. Wakarudi tena, Siwema ameumwa na siafu. Hakuna ndege aliyeweza kujua dungu lile litatoa sauti gani wala saa ngapi, maana hata wazazi wenyewe hawakujua. Na watoto hawakuwa na habari kwamba wanafanya kazi. Basi ndege wakawa wanatoka kwenye matete, wanalipita shamba la Mkumba juu kwa juu, wanakwenda kutua kwenye utulivu.

Asubuhi moja Mzee Ngwele alionekana anakuja, fimbo mkononi, akasimama chini ya dungu. Nusu ya mpunga wake ilikuwa imekwisha kuliwa.

“Hodi huko juu.”

“Karibu, Mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Baba Mwajabu, nimekuja kuazima.”

“Kuazima nini, Mzee wangu?”

Ngwele alitazama miguu yake. “Mtoto. Hata huyo anayelia.”

Somoe akajifunika uso kwa kanga asionekane anacheka. Mkumba angeweza kumwaibisha mzee wa watu, na wengi wangefanya hivyo. Hakufanya.

“Mtoto haazimwi, Mzee,” alisema. “Lakini wajukuu huenda kwa babu yao bila kuazimwa. Wakishakula watakuja. Ila wakikuchosha, usinirudishie kabla ya jua kuzama.”

Tangu siku hiyo Mwajabu na Shamte wakawa wanashinda dunguni kwa Ngwele, na nusu ya mpunga iliyobaki ikapona. Wapita njia walimsikia mzee mwenyewe akieleza, kwa sauti ya juu, habari za masikio ya mamba.

Ikafika siku ya kula mpunga mpya. Desturi ilikuwa kwamba sinia la kwanza huwekwa mbele ya wazee, na vijana huwanawisha mikono. Mwaka ule mpunga wa kupika ulitoka kwa Mkumba, kwa sababu hakuna aliyevuna kumzidi. Mkumba akalibeba sinia mwenyewe. Akawapita wazee, akaenda kulitua mbele ya watoto wake.

Kwa kosa dogo kuliko hilo mtu aliweza kunyang’anywa shamba moja kwa moja, na Somoe alijua. Akamshika Siwema vizuri mgongoni, akasubiri.

“Wazee wangu, niwieni radhi,” alisema Mkumba. “Nyumba yangu mwaka huu imelishwa na hawa. Nataka kuwashukuru hapa mbele yenu, maana nyumbani hawanyamazi nikapata nafasi.”

Mzee Ngwele akainuka na fimbo yake. Wengine walidhani anakwenda kumchapa mtu. Akaiegemeza fimbo ukutani, akachukua birika na bakuli, akapiga magoti kwa shida, akamnawisha Mwajabu, akamnawisha Shamte, akamnawisha Kibwana mpaka kwenye viwiko, kwa kuwa alihitaji. Kisha akamnyooshea mkono yule wa mgongoni. Siwema akayapiga yale maji, yakamrukia mzee ndevuni.

Ngwele hakujifuta. Akawageukia wenzake, akasema lile neno mlilolisikia leo, na hakuna mzee aliyegusa chakula mpaka watoto walipokula.

Mama yangu alikuwa akisema hajui kama anayakumbuka maji yale au alisimuliwa tu. Mimi nasema aliyakumbuka. Haya, mtoto wa shangazi yenu huyo ameamka tena. Mmoja wenu akamchukue, tena asiwe na haraka ya kumnyamazisha. Dungu lenye watoto halilishi ndege.