Alama za Vidole Ukutani

Nyinyi mnaokanyaga tope, msisimame! Sikilizeni huku mkikanyaga. Udongo ukikauka sitaukanda mimi.

Zamani sana, kabla hata ya bibi yake bibi yangu, nyumba zote zilikuwa za nyasi. Paa nyasi, kuta nyasi, mlango nyasi. Nyumba ikiungua, watu walihesabiana, wakitimia wakaenda kukata nyasi nyingine. Kwao ilikuwa kawaida.

Basi kijana mmoja, Nkwabi, akaoa mfinyanzi aitwaye Kalunde. Vyungu vyake, we acha tu! Ila alikuwa na tabia moja: akimaliza kufinyanga, hanawi. Kisima kilikuwa mbali, kwa hiyo mikono yote miwili, pwaa, anaifuta kwenye ukuta wa jikoni. Upande wa pili wa ukuta huo ndiko alikolala mama mkwe wake, ambaye mguu wake mbovu ulimzuia kutembea.

Mama Nkwabi akanuna. "Mwanamke mchafu huyu! Nkwabi, mrudishe kwao."

Kalunde alilia, maana alimpenda mumewe. Akaahidi kuacha. Kesho yake akasahau, pwaa! Mwishowe wazee wa kwao wakaitwa waje kumchukua.

Siku walipofika, mchana kweupe, wakiwa wanapikiwa ugali, cheche ikaruka. Moto wa nyasi mnaujua wenyewe. Paa la jikoni likashika, kuta tatu zikateketea mara moja.

"Jamani, mama yumo chumbani!" Nkwabi akapiga yowe.

Moto ukafika kwenye ule ukuta mchafu, ukakwama. Uliuramba, ukautia weusi, lakini nyasi zilizofunikwa udongo hazikushika. Wanaume wakapata nafasi ya kung'oa paa la chumbani kabla halijawaka, na Kalunde akaingia akamtoa mama mkwe mgongoni, bibi anakohoa huku anatukana.

Wakamketisha chini. Akautazama ukuta uliosimama peke yake, umejaa vidole vya mkwewe kutoka chini hadi juu. Kisha akawageukia wageni.

"Wakwe zangu, ugali umeungua, na mtu simrudishi. Nendeni mkalete udongo!"

Na tangu siku hiyo hatuhamii nyumba isiyokandikwa udongo. Tope la kwanza hupigwa na mama mkwe, na alama za vidole vyake hakuna anayezisawazisha.

Haya, nipisheni. Nyumba hii ni ya mke wa mwanangu.