Majani ya Mpakani

Ndugu wapendwa, palikuwa na mtu mmoja aliyepanda misonobari kwenye mteremko wa kilima, mwaka ule ule alipozaliwa kitinda mimba wake. Hakuwa na tegemeo jingine la uzeeni. Kila kiangazi alifyeka majani kuuzunguka msitu wake, ili moto ukija ukute udongo mtupu. Alivuta kamba, upana uwe sawa kote, akafyeka pande tatu. Upande wa nne, uliopakana na jirani, hakuugusa.

"Baba, na yale ya mpakani?" mkewe alimuuliza.

"Yale ni ya jirani. Nikiyafyeka mwaka huu, mwakani atasema ndiyo kazi yangu."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema ni yangu."

Majani yakabaki, yakakauka, yakafika kifuani.

Asubuhi moja jirani alichoma mabua ya mahindi shambani mwake. Yule mtu alipouona moshi alikwenda akasimama ng'ambo ya majani yale, akaita: "Jirani, unachoma peke yako, bila hata ndoo ya maji?"

"Upepo unakwenda kwangu, siyo kwako. Hata nikibandika ugali utakuja kunipimia upepo?"

Kwa saa ile, hesabu ya jirani ilikuwa sahihi. Yule mtu naye, badala ya kushika fyekeo, alirudi nyumbani kunywa chai kwa moyo mtulivu: ikitokea hasara, mkosaji anajulikana.

Alasiri upepo uligeuka, kama ugeukavyo kila kiangazi katika milima ile. Mabua yaliyodhaniwa yamezimika yalirusha cheche kwenye majani. Majani yakaupeleka moto kwenye misonobari, na misonobari ikaurudisha kwenye ghala la jirani. Kufikia magharibi hapakuwa na msitu wala ghala.

Majivu yalipopoa, wawili hao walikutana mpakani. Moto ulikuwa umelifunua jiwe la mpaka, ambalo kwa miaka mingi hakuna aliyeliona. Lilikuwa kwenye ukingo wa shamba la jirani. Kumbe ukanda wote wa majani ulikuwa wa mwenye misonobari.

Jirani alilitazama jiwe. "Basi, majani yalikuwa yako."

"Na moto ulikuwa wako."

Wote wawili walisema kweli. Je, kweli yao iliotesha mti hata mmoja?

Sisi nasi, ndugu zangu, tunaujua mpaka kuliko tunavyoujua upepo. Tunachoma bila kumwarifu jirani. Tunaondoka kabla hatujaugusa udongo kwa mkono na kuhakikisha umepoa. Na wa kumlaumu tumeshampata hata kabla hakijaungua kitu. Nani humu ndani hana majani anayosubiri mwenzake ayafyeke?

Mkitoka hapa, msianze kulitafuta jiwe. Mpitieni jirani, kila mmoja na fyekeo lake, mkayafyeke pamoja wakati yangali majani.